Fataki Moja Kwenye Kopo

Corliss Brandvold aliiona ile sahani ya tatu kabla hajavua glavu. Alikuwa mpelelezi wa ofisi ya sherifu kwa miaka mingi, na jicho lake lilikuwa na tabia mbaya ya kuhesabu vitu vya watu. Meza ya jikoni kwa Alvina Sletten ilikuwa imeandaliwa watu watatu, na katika nyumba ile siku hizi aliishi mtu mmoja tu. Mume, Orrin, alikuwa nyuma ya kanisa, chini ya ardhi iliyoganda hata kaburi likachimbwa kwa mashine ya kuchimbia barabara. Mwana, Darby, alikuwa mahabusu mjini, na aliyemtia ndani ni Corliss mwenyewe.

"Moja yako, moja yangu," alisema Corliss. "Hiyo nyingine ya nani?"

"Umekuja kwa sahani au kwa mwanangu?"

"Wewe ndiye uliyenipigia simu, Bi Alvina."

"Nimekupigia unirudishie mtoto. Kesho anapelekwa kwa hakimu. Akishatoka kwa hakimu yule, tutaonana ahera." Mjane alimimina kahawa bila kumuuliza mgeni kama anaitaka. Nyuma yake rafu nzima ilijaa mabakuli ya kuokea yaliyoletwa msibani, kila moja na jina la mwenyewe kwenye utepe wa gundi uliobandikwa kitakoni. "Darby hawezi kumwua baba yake. Walikuwa wanagombana, sikatai. Nani hapa bondeni hagombani na baba yake kwa ajili ya shamba?"

Corliss alikunywa kahawa. Ushahidi wake ulikuwa mwembamba, lakini ulikuwepo. Orrin alipigwa risasi moja akiwa ukingoni mwa mlima, juu ya malisho yake, wiki ya mwisho ya msimu wa kuwinda elki, wale paa wakubwa wa milimani. Risasi iligonga mfupa ikasambaratika, haikufaa kupimwa. Muuaji aliokota ganda tupu la risasi yake akaondoka nalo. Lakini jeraha lilikuwa kubwa, na bonde zima lilikuwa na bunduki tatu tu za ukubwa ule wa kizamani: ya marehemu mwenyewe, ya Darby, na ya Wendell Croy, mwenzake wa kuwinda tangu ujana wao.

Maganda ya bunduki hizo hayauzwi tena dukani. Orrin aliyatengeneza kwa mkono wake, kisanduku kimoja kwa kila bunduki, na ganda likishatumika lilirudi kwake, akalisafisha na kulijaza baruti upya. Ndiyo sababu siku ya mazishi, katika ukumbi wa chini wa kanisa, watu wakiwa na vikombe mkononi, Corliss alitangaza kwamba kesho yake asubuhi kila mwenye bunduki hiyo alete kisanduku chake. Cha Orrin kilikuwa kamili. Cha Wendell kilikuja kamili, maganda yote matupu, yameoshwa na kung'aa. Cha Darby kilipungua ganda moja.

"Liliangukia mtoni," alisema Alvina, kana kwamba mawazo ya mgeni yalikuwa yameandikwa usoni. "Alimpiga mbweha, ganda likaruka majini. Alituambia siku hiyo hiyo. Orrin alimfokea mpaka mbwa akatoka nje."

"Mama ni shahidi mbovu mahakamani."

"Na baba je? Naye alisikia!"

"Baba hawezi kuja kusema."

Mjane aliigusa ile sahani ya tatu, akaisogeza kidogo kuelekea ukutani.

"Hawezi," alisema. "Lakini alikuja."

Corliss aliweka kikombe chini.

"Utasema nimechanganyikiwa," Alvina aliendelea. "Sema tu. Ni jioni ile ile tuliyomzika. Wageni walikwisha kuondoka, Darby alikuwa amekwenda kulisha ng'ombe kule zizi la mbali. Mimi nilikuwa hapo, naosha vyombo vya watu. Karakana iko nyuma ya ukuta huu, unajua. Nikasikia mashine yake ya kujazia maganda. Ule mkono wake, kriii ukishuka, kriii ukipanda. Mara moja tu. Halafu nikasikia fataki ya ganda ikidondoka kwenye kopo lake la bati. Ting."

Nje upepo ulikuwa unasukuma theluji kavu kwenye dirisha. Corliss alilelewa na bibi aliyeamini kwamba maiti hukaa nyumbani siku kadhaa akitafuta alichosahau. Hakuwahi kumwamini bibi yake, lakini pia hakuwahi kumbishia, na sasa alijikuta anautazama ule ukuta.

"Hukufungua mlango ukatazama?"

"Nifungue mlango ili aondoke? Nilisimama palepale. Nilifurahi, Corliss. Sitakudanganya, nilifurahi kama mwali."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu."

Alilijibu hilo haraka mno. Corliss aliliweka kando kichwani, akasimama na kuchukua koti lake.

"Nipeleke karakana."

Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari chini ya upenu, mahali ambapo bonde zima lilijua upo. Ndani baridi ilikuwa kali kuliko nje. Koti la kazi la Orrin lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango, viwiko vyake vimekunjika kama vile mwenyewe amelivua sasa hivi, na Corliss alilipita kwa mbali kidogo bila kujua kwa nini. Viti vilikuwa viwili mbele ya meza ya kazi: kimoja chenye mto, kingine stuli ya mbao iliyobanwa ukutani. Katikati, ikiwa imefungwa kwa bolti nne, ilikaa mashine ya chuma yenye mkono mrefu, na kwenye ncha ya mkono huo kirungu cha mbao kilichong'arishwa na viganja.

"Nionyeshe inavyofanya kazi. Mimi nyama yangu nanunua buchani."

"Ndiyo maana huna mume," alisema Alvina, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulilegea. Alishika mkono wa mashine. "Ganda likishalia linakuwa limevimba, na kitakoni limebaki na fataki iliyokufa, kile kikombe kidogo kinachogongwa na pini ya bunduki kikawasha baruti. Unalipaka ganda mafuta, unalisimamisha hapa. Unavuta. Linapanda ndani ya kalibu hii. Kalibu inalibana lirudi umbo lake, na sindano iliyo ndani inapita mdomoni mwa ganda mpaka chini, inaisukuma ile fataki nje. Inaangukia kopo hili. Mvuto mmoja, kazi mbili."

"Na kalibu ya maganda haya iko wapi tena bondeni?"

"Hakuna. Aliichonga mwenyewe."

Corliss alipitisha kidole pale ganda linaposimama. Kidole kilitoka na weusi, masizi makavu ya baruti, na punje zake zilikuwa bado juu juu, hazijashikana na mafuta.

"Orrin aliiacha mashine na uchafu?"

"Orrin? Yule angelala na buti kitandani, lakini si kuiacha mashine yake na masizi. Na mimi mwenyewe niliifuta asubuhi ya mazishi. Nilitaka kugusa kitu chake."

Corliss aliliinua lile kopo la kahawa na kuliinamisha kuelekea dirishani. Kitu kimoja kiliteleza chini kikagonga ukingo, kidogo kama punje ya dengu, cha rangi ya shaba.

"Nilidhani nitazikuta nyingi. Mtu aliyefanya kazi hii maisha yake yote!"

Alvina alitazama pembeni.

"Nilizimwaga kwenye mfuko wa koti lake la kanisani. Ndani ya jeneza, asubuhi ile, kabla hawajafunga. Alikuwa hazitupi, anasema kila moja ina mnyama wake. Mchungaji aliniona, akageuka kukohoa."

"Kopo likabaki tupu."

"Nililifuta kwa aproni hii."

"Bi Alvina, miaka yote ukiwa jikoni, umewahi kusikia fataki ikidondoka? Mkono wa mashine najua unasikika. Fataki yenyewe?"

Mjane aliugeukia ukuta wa jikoni.

"Kamwe," alisema.

"Kwa sababu zilikuwa zinaangukia juu ya nyingine, hazilii. Hii ilianguka kwenye bati tupu ndipo ukaisikia. Ilianguka baada ya mazishi, jioni ulipoosha vyombo, wala hukuota. Na mizimu haiachi masizi."

"Usiseme."

"Alikuwa mtu, mama. Mtu mwenye mikono."

"Nimekuambia usiseme!" Alvina alikaa kwenye kile kiti chenye mto. Alilia bila kujifunika uso, na Corliss, ambaye hakuwa hodari wa mambo hayo, alimwekea mkono begani akauacha pale mpaka kilio kikapungua. Alimwonea huruma sana. Alikuwa anamfukuza mume wa mtu kwa mara ya pili.

Kisha akarudi kazini, kwani kesho hakimu hatauliza habari za huruma. Aliinyanyua fataki kwa kibanio, akaiweka chini ya lenzi. Kila fataki iliyolia ina kishimo palipogongwa na pini, na kwa kawaida kishimo hukaa katikati. Hiki kilikuwa kimeenda upande, karibu na ukingo.

"Tazama. Imegongwa kando."

Alvina alifuta macho kwa aproni, akainama. "Hiyo ya bunduki yenye makengeza," alisema kwa mazoea, kama mtu anayetambua mbuzi wa jirani. "Orrin alikuwa anamtania kila msimu. Anamwambia, hata bunduki yako ina makengeza kama mwenyewe, Wendell, sijui elki mnampataje..."

Aliziba mdomo kwa kiganja.

Corliss hakumharakisha. Mwenyewe alikuwa anapanga vipande kichwani, na kila kipande kilikaa. Kisanduku cha Wendell kilikuwa kimesafishwa na Orrin wiki moja kabla ya kifo, kwa vile Wendell alikwisha kupata elki wake. Maganda yote yaling'aa ila lile moja alilobaki nalo likiwa na risasi, na hilo ndilo lililolia ukingoni mwa mlima. Akilitupa, kisanduku kinapungua. Akilileta lilivyo, limevimba, lina masizi, na fataki iko kitakoni. Kwa msumari na nyundo angeweza kuitoa fataki, lakini uvimbe ungebaki. Palikuwa na kalibu moja tu ya kuuondoa, na Corliss alikuwa amempa mpaka asubuhi ya pili yake. Ni yeye, Corliss, aliyemtuma Wendell humu.

"Mbona hakuondoka na fataki yake?" Alvina aliuliza kwa sauti ndogo.

"Alijua kopo limejaa, kama siku zote. Fataki moja kati ya mamia, nani angeiokota? Kama angetulia angesikia mlio ule na kushtuka. Hakutulia. Kuna kitu kilimkurupusha." Corliss alikaa kwenye ile stuli ya ukutani, ana kwa ana naye. "Sasa nakuuliza tena, na safari hii Darby yuko kwenye jibu lako. Ulisema nini jioni ile?"

Alvina alizitazama kucha zake.

"Nilisema, meza iko tayari. Kama kila siku. Nilisema kwa nguvu, kupitia ukutani. Na yeye akajibu."

"Alijibuje?"

"Akagonga. Ko, ko. Mara mbili, alivyokuwa akijibu maisha yetu yote. Maana yake nimesikia, nakuja." Machozi yalirudi. "Nikaweka sahani. Nimeiweka kila siku tangu hapo. Ningekuambia hayo ungenichukulia na kugonga huko pia."

"Darby hugonga?"

"Darby? Darby hupiga ukelele tangu barabarani, nakujaaa mama, ng'ombe wote wanageuka."

"Na Wendell?"

"Wendell mgeni. Mgeni anagongaje ukuta wa watu?"

Corliss aliandaa bahasha ndogo, akaitia ile fataki ndani. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza, na huyu alikuwa amelibeba hata jeneza.

"Mpigie Wendell simu," alisema. "Mwambie bakuli la mkewe liko tayari kuchukuliwa, na mimi niko hapa natafuta mtu wa kunieleza mashine. Ukishamkaribisha, kaa jikoni. Usiseme neno."

Wendell Croy alikuja na jua linaelekea kuchwa. Alikuwa mtu mkubwa, masharubu meupe, jicho moja likitazama upande wake, mcheshi wa kutosha kuwapandisha mlimani matajiri kutoka miji ya mbali na kuwashusha wakiwa hai na pembe. Alimkumbatia Alvina mlangoni, akamwita shemeji, akamuuliza kama kuni zinatosha. Alvina alisema zinatosha. Corliss aliuona mkono wake ukikamata kamba ya aproni nyuma ya mgongo.

"Corliss! Hawajakufukuza kazi bado?"

"Wananipenda mno."

"Wanakuogopa. Haya, nini kinakushinda?"

"Mashine. Kesho hakimu ataniuliza inafanyaje kazi, nami najua kuvuta mlango tu."

Alicheka. Aliingia karakana mbele yake bila kutazama lile koti nyuma ya mlango, akakaa kwenye stuli iliyobanwa ukutani.

"Kiti cha mto hukitaki?"

"Kile cha mtu," alisema Wendell.

Corliss alimpa ganda moja lililokwisha kulia, la bunduki ya Orrin, kutoka mfuko wa vielelezo. Wendell alilipokea kwa vidole viwili, akalipaka mafuta, akalifuta shingo, akalisimamisha mahali pake. Vidole vyake vinene vilikuwa laini juu ya kazi ile kama vya mama anayemvisha mtoto soksi. Alivuta. Kriii. Ganda lilipanda ndani ya kalibu, kukawa na mkwaruzo mfupi wa sindano, na fataki ikaanguka.

Ting.

Mkono wake ulibaki chini kwenye kirungu. Jicho lake zima lilienda koponi.

"Limemwagwa," alisema.

"Tangu lini, unadhani?"

"Nitajuaje mimi?"

"Tangu asubuhi ya mazishi. Bi Alvina alimzika nazo. Kopo lilikuwa tupu jioni ile, Wendell. Leo nimekuta moja ndani yake." Aliiweka bahasha mezani, akaimimina kwenye kipande cha karatasi nyeupe. "Imegongwa kando."

Wendell aliitazama. Aliinamisha kichwa, kama mwindaji anayesikiliza kichaka.

"Yangu," alisema. "Kila mtu anaijua. Na humu ndani kuna droo zimejaa makorokoro yangu. Orrin alikuwa anaokota maganda yangu ya zamani anayaweka popote. Mtu amechukua moja akalisafisha. Ndiyo kesi yako hiyo?"

"Mtu gani?"

"Aliyekuwa anaishi hapa jioni ile alikuwa nani? Si Darby? Kijana amepungukiwa ganda, anajua kesho mnahesabu, anaingia humu kutafuta jingine la kujazia. Analisafisha. Halafu linakuwa si la kisanduku chake, anaogopa, anaacha."

"Darby alikuwa zizi la mbali."

"Nani alimwona? Ng'ombe?"

Corliss alimtajia sababu ambayo kisanduku kamili kilikuwa kimeifunika: askari wa wanyamapori, na vichwa vya elki visivyo na kibali walivyovikuta kwenye kambi ya wageni ya Wendell, na kwamba Orrin ndiye aliyewapigia simu siku moja kabla ya kufa. Angepokonywa leseni ya kuongoza wawindaji, na bila hiyo leseni Wendell angebaki mzee mwenye farasi wawili.

"Tuligombana," alisema Wendell. "Nilimwambia Orrin ni mnafiki, tumewinda bila kibali pamoja tukiwa vijana, sasa kazeeka anajifanya malaika. Ugomvi si risasi. Ungekuwa risasi, bonde hili lisingekuwa na watu."

Alikuwa anasema kwa utulivu, na ubaya ni kwamba wakili yeyote angeyasema hayo hayo kesho, na hakimu angetikisa kichwa. Fataki ilionyesha bunduki. Haikuonyesha mkono uliovuta mashine. Corliss alihisi Darby anamponyoka, anazama taratibu, naye amesimama kando na kamba fupi.

"Basi kijana alikuwa na ufunguo," aliendelea Wendell, akijipangusa mafuta kwenye suruali. "Kijana alikuwa na sababu. Kijana ndiye aliyepungukiwa. Mimi kisanduku changu kilikuja kamili, ulikipokea kwa mikono yako, na ukaniambia..."

"Meza iko tayari!"

Sauti ya Alvina ilipita ukutani, ya kawaida kabisa, sauti ya mwanamke mwenye chungu jikoni.

"...ukaniambia asante, Wendell," alisema Wendell, na mkono wake wa kushoto, ulio upande wa ukuta, ukakunja vidole na kugonga ubao. Ko, ko.

Aliutazama ule mkono. Corliss naye aliutazama. Mwanga wa dirishani ulikuwa umekwisha kufifia, na kwa muda mfupi kulikuwa na watu wawili tu karakana ile na lile koti nyuma ya mlango.

"Weka mikono yote miwili mezani," alisema Corliss. Bastola yake ilikuwa imekwisha kutoka, ingawa hakukumbuka kuitoa.

Wendell aliiweka. Hakuonekana mtu wa kukimbia tena.

"Nilikuwa ndiyo nainuka kwenye stuli hii," alisema. "Nina ganda mfukoni, nimegeuka nichukue fataki yangu. Akaita. Mkono ukajibu wenyewe, Corliss. Nikatoka mbio kama mtoto. Nilidhani atafungua."

Mlango ulifunguliwa. Alvina alisimama na aproni yake, hakukaribia.

"Ulimzika," alimwambia. "Ulishika mpini wa mbele. Ukarudi kula viazi vyangu, ukaingia humu, ukaniacha nilale nikimshukuru Mungu kwa kule kugonga. Na mwanangu ukamwacha ndani."

"Shemeji..."

"Usiniite hivyo. Umejuaje kugonga? Nani alikufundisha kugonga kwa Orrin?"

Wendell alimwangalia kwa jicho lake zuri, na kwa mara ya kwanza alionekana kuona aibu.

"Orrin hakuwa anagonga, Alvina. Mikono yake siku zote ilikuwa na mafuta, na yeye alikaa kule kwenye mto, mbali na ukuta. Ananiambia, mjibu huyo mwanamke. Nikiwepo, aliyegonga ni mimi."

"Na usipokuwepo?"

"Hilo sijui. Nisipokuwepo sikuwepo."

Alvina alirudi nyuma mpaka akagusa lile koti. Aliushika mkono wake wa kitambaa, kisha akauachia.

Corliss alimfunga Wendell pingu na kumkalisha kwenye kiti cha nyuma cha gari. Aliporudi jikoni kupiga simu, alimkuta mjane amesimama mbele ya meza. Corliss alizungumza na sherifu maneno machache, akarudia mawili matatu kwa sauti kubwa ili Alvina ayasikie: fataki, ndiyo, na amekiri, ndiyo, mfungulieni kijana. Sherifu alisema asubuhi mapema, karatasi zikishatiwa saini, na kwamba atamleta yeye mwenyewe.

"Atakuwa hapa kabla ya kifungua kinywa," Corliss alimwambia.

Alvina aliitikia kwa kichwa. Aliichukua ile sahani ya tatu kutoka karibu na ukuta, akaiosha ingawa haikuwa imeliwa, akaifuta kwa muda mrefu, akaiweka upande wa mlango, mahali anapokaa Darby.

"Huyo sherifu wako ni mstaarabu," alisema. "Atabisha hodi mlangoni kwangu, ko, ko, kama watu wa mjini. Mwambie asithubutu. Mwambie wakifika barabarani amwache mwanangu apige ukelele wake, tangu kule, nisikie ni yeye. Ukuta huu asiuguse mtu."